Mafuta Hupimwa Kwenye Chupa, Hayapimwi Kwenye Sahani

Hotuba kwa kikundi cha akina mama wa kuweka na kukopa, Ujiji, Kigoma

Mwenyekiti wetu, mweka hazina, mama zangu mliokaa mbele, dada zangu wa nyuma, na ninyi akina baba wanne mliojibanza karibu na mlango kana kwamba habari za jikoni haziwahusu: mwakeye!

Barua ya mwaliko ilisema nije kuzungumzia lishe bora. Nilimpigia katibu simu nikamwambia hapana. Lishe bora mmeshaisikia mpaka masikio yamechoka. Kila ukuta wa kliniki una ile picha ya samaki, yai na papai. Nikamwomba aniachie kitu kimoja tu, kidogo, ninachoweza kukishika mkononi. Ndicho hiki. Mnakiona kule nyuma? Chupa ya lita moja ya mafuta ya kupikia. Nitaongea habari za chupa hii mpaka chakula kiive, kisha nitakaa chini tule.

Wengi mnanijua kama mwalimu wa sayansikimu. Nimefundisha watoto wenu kupika na kushona kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nimeandika ubaoni mara zisizo na idadi, "vijiko viwili vya mafuta." Leo nakuja kukiri mbele yenu kwamba nyumbani kwangu sikuwahi kuvipima vijiko viwili hivyo hata siku moja.

Mwaka juzi presha yangu ilipanda. Nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja, wakanipima uzito, muuguzi akatikisa kichwa, akanipa karatasi. Karatasi ilikuwa na orodha ya vyakula na kalori zake: ugali, wali, viazi, ndizi, maharage, samaki, chungwa. Akaniambia, "Mwalimu, usivuke 1,600 kwa siku." Nilifurahi, maana hesabu sizichukii. Nikanunua daftari na mzani mdogo wa jikoni, ule wa betri. Nikawa napima unga wa ugali wangu kabla ya kusonga. Napima mchele. Nahesabu vipande vya muhogo. Mume wangu akaniuliza kama nimefungua duka.

Miezi miwili, uzito haukushuka hata nusu kilo. Nikaulaumu mzani wa kituo. Nikapanda bajaji hadi mwaloni Kibirizi, kwa mfanyabiashara mmoja wa dagaa mwenye mzani wa kukanyagia wa kupimia magunia, nikasimama juu yake katikati ya watu wote wale, na wapagazi wakicheka. Namba ile ile.

Jibu nililiona asubuhi moja ya mwezi wa saba, mkamwana wangu akiunga maharage. Mnajua asubuhi za mwezi wa saba kuna kibaridi, na mnajua mawese yakipata kibaridi yanavyofanya: juu yanabaki mafuta mekundu ya majimaji, chini yanatuama mazito, rangi ya chungwa, kama uji ulioganda. Binti hakumimina. Alichukua upawa, akauzamisha kwenye ndoo, akachota kule chini. Upawa ukatoka na kilima. Akaugonga kwenye ukingo wa sufuria, pwaa, kilima kikaangukia kwenye vitunguu kikaanza kuyeyuka. Akaangalia, akaona bado. Akachota tena, nusu upawa. Mimi nimesimama pembeni na daftari langu, na nimeshaandika kabisa: maharage, bakuli moja, kalori 280.

Nikamwuliza, "Mwanangu, umeweka kiasi gani?"

Akanijibu kwa heshima zake zote, "Cha kawaida, mama."

Tusimcheke. Nani hapa ndani anajua cha kawaida chake ni gramu ngapi? Nyanya tunahesabu, kitunguu tunahesabu, chumvi tunaonja. Mafuta tunayaweka kwa jicho, na jicho lenyewe linaangalia kama yameelea. Mboga ikiwa haina mafuta yanayoelea tunaiita kavu, na mgeni akipewa mboga kavu atakwenda kusimulia kwao. Ile karatasi ya kituo haikuwa na mstari wa mafuta hata mmoja. Iliorodhesha maharage, nayo yalikuwa maharage ya chukuchuku, yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, ambayo nyumbani kwangu hakuna anayeyala.

Siku hiyo binti alipomaliza kupika nilirudi jikoni kimyakimya na mzani wangu, nikachota upawa kama alivyochota yeye, na kilima chake. Gramu 120. Alikuwa ameweka mmoja na nusu, kwa hiyo 180.

Sasa hapa lazima nifundishe kidogo, mnivumilie, ni ugonjwa wa kazi. Hiki tunachokiita kalori kwenye chakula, kwa jina lake kamili ni kilokalori. Ni kiasi cha joto kinachotosha kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja. Chakula ni kuni za mwili, na kalori ni namna ya kusema kuni hizi zina moto kiasi gani. Kuna Mmarekani mmoja, Wilbur Atwater, ambaye miaka ya 1890 huko Connecticut alijenga chumba kidogo cha kupimia joto linalotoka mwilini, akawa anamweka mtu mzima ndani yake kwa siku kadhaa, anakula humo, analala humo, na kila anachokula na kila kinachomtoka kinapimwa. Samahanini kwa wanaosubiri chakula. Katika kazi yake ndimo zilimotoka namba tatu ambazo mpaka leo zinatumika kwenye vifungashio: gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu moja ya protini kalori 4, gramu moja ya mafuta kalori 9.

Tisa, mara mbili na zaidi ya wanga. Na tena unga una wanga pamoja na vitu vingine, ugali umejaa maji, samaki amejaa maji, mboga za majani karibu zote ni maji. Mafuta ya kupikia hayana maji. Gramu 100 za mafuta ni gramu 100 za mafuta. Hakuna kitu kingine jikoni mwako kilichoshindiliwa namna hiyo.

Haya, tuzidishe. Gramu 180 mara 9 ni kalori 1,620. Maharage yenyewe yalikuwa nusu kilo makavu, na nusu kilo ya maharage makavu ina kalori kama 1,670. Mmeona? Sufuria moja, na ndani yake mafuta yamekaribia kulingana na maharage. Tulikuwa walaji sita. Kila mmoja alikula kalori karibu 550, na mimi kwenye daftari nimeandika 280, tena kwa mwandiko mzuri. Jioni ikaja sombe, yaani kisamvu, nayo ikaungwa kwa upawa mmoja: 1,080, gawanya kwa sita, 180. Kwa hiyo kwa siku ile moja, kwa milo miwili tu, nilikuwa nimeacha kuandika kalori kama 450. Ndiyo maana mzani wa magunia ulikataa kunisaidia.

Nilichojifunza ni hiki, na ndicho nilichokuja nacho leo: mafuta hayahesabiki kwenye sahani. Ukishayaunga yameingia kwenye mchuzi, yameingia kwenye nyama, mengine yamebaki kwenye sufuria, na hakuna jicho la binadamu litakaloangalia bakuli la maharage likasema humu mna gramu 30. Ugali unaweza kuupima hata ukiwa mezani. Mafuta yapime yakiwa bado kwenye chupa, au usahau.

Namna ya kuyapima. Kwanza, kijiko chako ukijue. Vitabu vya mapishi vinaposema kijiko cha chakula vina maana ya mililita 15, na hizo ni kalori 120 za mafuta. Kijiko cha chai ni mililita 5, kalori 40. Lakini vijiko vyetu vya sokoni havikusoma hivyo vitabu. Chukua kile kijiko au kikombe kidogo kinachokuja na dawa ya maji ya mtoto, kina alama ya mililita 5, kioshe, pima kwa maji. Mimi kijiko changu cha kulia ugali wa wageni kilichukua 11. Cha jirani yangu, kile cha bati pana, 14. Nikapima na pawa zote. Kila kimoja nikakikwaruza alama kwa msumari kwenye mpini. Kazi ya robo saa, na hutairudia tena maishani.

Kijiko chenyewe kiwe cha mafuta yaliyoyeyuka na kusawazika. Kijiko cha mawese yaliyoganda huwa na kilima, na kilima kinaweza kuwa kijiko cha pili. Asubuhi za baridi weka ndoo juani kwanza, au karibu na jiko.

Kisha unapoandika, andika sufuria nzima. Usihangaike na bakuli lako. Sufuria ina maharage kiasi hiki, mafuta kiasi hiki, jumlisha, gawanya kwa wanaokula. Kama mwanao wa kiume anapakua mara mbili, mhesabu watu wawili.

Chapati nayo tuiguse, maana hapo ndipo ninapoona dada zangu wa biashara mnatazamana. Nilipika Jumamosi moja: unga wa ngano kilo moja, chapati 14. Nilianza na robo lita ya mafuta kwenye chupa, nikatumia hiyo hiyo kukandia, kupakia na kukaangia, nikaimaliza. Unga una kalori kama 3,600. Robo lita ya mafuta ina kama 2,050. Ukigawanya, chapati moja inakuja karibu 400. Bila mafuta ingekuwa kama 257. Mtu anakula mbili na chai ya maziwa, anasema, "Mimi asubuhi sili sana."

Sasa swali nililoulizwa na mama mmoja anayekaanga chipsi Mwanga, swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Alisema: Mwalimu, mimi naweka lita nzima kwenye karai. Nihesabu lita nzima? Hiyo ni kalori 8,200, mteja wangu atakufa!

Hapana, hahesabu lita nzima. Anayehesabu hapa ni mzani. Nilifanya hivi nyumbani. Niliweka karai na mafuta yake juu ya mzani kabla ya kuwasha moto: gramu 1,850. Nikakaanga viazi kilo moja, vimeshamenywa na kukatwa. Nikachuja, nikatikisa, nikaacha karai lipoe kabisa, jamani lipoe, mtu asije akaungua akasema Mwalimu alimtuma, nikapima tena. Gramu 1,775. Zimepungua 75. Ule mvuke wote uliokuwa unafuka ulikuwa maji ya viazi, kwa hiyo kilichopungua karaini ni mafuta, na karibu yote yameingia kwenye chipsi. Gramu 75 mara 9 ni 675. Kilo ya viazi ina kalori kama 770. Kiazi kimeingia na 770 kikatoka na zaidi ya 1,400.

Na kuna jambo hapa ambalo sikulijua mpaka nimestaafu. Chipsi inapokuwa ndani ya mafuta ya moto, maji yake yanageuka mvuke na kusukuma nje, kwa hiyo mafuta hayapati nafasi ya kuingia sana. Ukiitoa, mvuke uliobaki ndani unapoa, unanywea, na chipsi inaanza kunyonya kile kilichobaki kwenye ngozi yake. Mafuta mengi yanaingia pale kwenye chujio, wakati wewe umeshageuka kupokea hela. Kwa hiyo itikise sekunde ile ile unayoitoa, ikiwa bado inalia. Usiilundike kwenye beseni ikae kwenye mafuta yaliyotiririka. Sambusa vivyo hivyo, mandazi vivyo hivyo. Huyo mama wa Mwanga alinijibu kwamba akitikisa vizuri lita yake inakaanga zaidi, na akaanza kutikisa siku hiyo hiyo, kwa sababu zake yeye mwenyewe. Mimi sikumuuliza zaidi.

Najua mnachosubiri. Mnasubiri niseme habari ya mawese, maana hapa Kigoma ukigusa mawese umemgusa mtu baba yake. Wengine tumesomeshwa kwa chikichi. Tangu mwaka 2018 Serikali imelivalia zao hili njuga, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu za tenera, ambazo tunda lake lina kokwa yenye ganda jembamba na nyama nene kuliko dura, ile mbegu ya wazee, kwa hiyo mkungu mmoja unatoa mafuta mengi zaidi. Mimi mwenyewe nina miche kule Mwandiga. Sikuja kuwaambia mwache mawese.

Ila kuna maneno mawili yanazunguka mjini na yote mawili si kweli. La kwanza, mawese ni ya asili kwa hiyo hayanenepeshi. Mawese ni kalori 9 kwa gramu. Alizeti ni 9. Karanga, 9. Nazi, 9. Mafuta ya chupa ya gharama yenye picha ya moyo, 9. Mwili ukiyapokea kama kuni hauulizi yametoka Kigoma au Singida. La pili linasemwa na wenye maduka: haya hayana kolesteroli. Ni kweli hayana, na hakuna mafuta ya mmea yoyote yenye kolesteroli ya kuzungumziwa. Ni kama kuuza maji ukiandika juu ya chupa kwamba hayana mifupa. Na wengine mtakuta kifungashio kimeandika 3,700 mkashtuka. Hizo ni kilojuli za gramu 100, kipimo kingine cha jambo lile lile, na kilokalori moja ni kilojuli 4.184. Ukigawanya utarudi pale pale, karibu 900.

Mafuta yanatofautiana kwa mambo mengine. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, yale ambayo kitaalamu tunayaita mafuta yaliyoshiba, ndiyo yanayoganda kwenye ndoo mwezi wa saba. Mafuta ya mise, yanayokamuliwa kutoka kwenye kiini cha ndani, ni mazito zaidi, kama sehemu nne katika tano. Alizeti ni kama sehemu moja katika kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta haya mazito yasizidi asilimia 10 ya kalori zako za siku. Mtu wa kalori 2,000 hiyo ni gramu 22, kwa hiyo vijiko vitatu vya chakula vya mawese, vile vya kweli vya mililita 15, vinakaribia kuimaliza posho hiyo peke yake, kabla hujagusa nyama wala maziwa. Vijiko vitatu kwa mtu kwa siku. Nimefurahi kwamba mnanyamaza.

Kwa upande mwingine ule wekundu wa mawese ni mali. Ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Sasa kuna mtindo tunao, nami nilikuwa nao, wa kuyachoma mawese mpaka yapoteze rangi ili mboga isinukie. Unaweka karai, moto mkali, moshi unapanda mpaka jirani anafunga dirisha, wekundu unageuka njano, njano inageuka rangi ya maji ya chai hafifu. Pale umefukuza karotini yote. Kalori hazikwenda popote, zimo zote 9 kwa gramu. Umebaki na uzito bila mali. Kama hupendi harufu, heri utumie kidogo bila kuyachoma, vitunguu na nyanya vitaifunika.

Baba mmoja hapo mlangoni ameinua mkono tangu zamani. Ndiyo, shemeji. Anauliza: wazee wetu walikula mawese mpaka yakatiririka viwikoni, walikuwa na mzani gani?

Swali lako nimelisubiri. Shemeji, bibi yako alipotaka mawese ya wiki, mtu alipanda mchikichi na panga, mkungu ukashushwa, ukaachwa, chikichi zikapukuchuliwa, zikachemshwa, zikatwangwa kwenye kinu, zikakamuliwa, yakachemshwa tena na maji, akaengua mafuta yanayoelea kidogokidogo. Kisha akaenda shambani kwa miguu na kurudi na kuni kichwani. Kabla hajala kijiko cha mafuta alikuwa ameshakilipia. Wewe umekuja hapa na bodaboda, na dumu la lita 5 uliletewa mlangoni.

Tena hesabu yangu si ya kila mtu, na hapa naomba mnisikilize vizuri kuliko kote. Mtoto wa mwaka mmoja hahesabiwi kalori za kupunguza. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake, uji wa muhogo mtupu unamjaza bila kumshibisha, na kijiko kimoja cha chai cha mawese ndani ya uji au ugali wake kinamwongezea kalori 40 na ile karotini bila kumwongezea ujazo. Mpeni. Mama anayenyonyesha naye asisikie hotuba hii akaanza kula chukuchuku. Na vijana wetu wanaokwenda dagaa, wale wanaoingia ziwani jua likizama, giza la mwezi, wanavuta nyavu mpaka alfajiri kwenye upepo, wakirudi wana haki na mchuzi unaoelea mafuta. Mwezi ukiwa mkubwa wanakaa nyumbani wiki nzima wakicheza bao, na hapo wake zao mwongee nao.

Ninayemzungumzia ni mtu kama mimi. Mwili umeongezeka, presha au sukari imepiga hodi, kazi ya kukaa, na ameambiwa apunguze. Huyo akihesabu ugali akaacha mafuta, anajisumbua bure.

Daftari, kusema kweli, nililiacha baada ya miezi mitano. Kupima kila upawa kila siku kunachosha, na mkamwana alianza kuniangalia kama mkaguzi wa shule. Nikabuni njia ya kivivu, na hiyo ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Siku ninayofungua dumu jipya naandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Siku linapoisha naandika tarehe ya pili. Basi. Lita moja ni kalori 8,200, lita 5 ni 41,000. Gawanya kwa siku, gawanya tena kwa walaji. Nilipotazama nyuma, dumu la lita 5 nyumbani kwangu lilikuwa linaisha kwa siku 15. Watu sita, siku 15: kalori 455 kwa kila mtu kwa siku. Mnakumbuka ile siku ya maharage na sombe, nilipata 450? Namba zilikutana zenyewe, na nakwambia nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Ondoa tu yale uliyomwaga baada ya kukaangia na yale ya mgeni wa msiba. Yanayobaki yote mmeyala, hata kama hakuna anayekumbuka ameyala lini. Dumu halisahau.

Sasa dumu langu linakwenda siku 31. Hiyo ni kama kalori 220 kwa mtu. Sikuacha kuunga. Ninaanza na vijiko vyangu vinne vya alama, naweka vitunguu, vikianza kushika chini naongeza maji kidogo badala ya mafuta, nafunika. Dagaa nawakausha kwanza kwenye karai tupu mpaka wanukie, ndipo nawaunga. Dagaa mkavu aliyeshtuliwa kwa moto hanywi mafuta kama yule anayetupwa mbichi kwenye karai lililojaa. Migebuka nachoma zaidi kuliko kukaanga. Kilo sita zimeondoka kwa miezi minane, polepole, na presha imetulia kiasi cha daktari kunipunguzia kidonge kimoja. Kwa wenzangu mnaotumia dawa, kidonge hupunguzwa na daktari, hakipunguzwi na dumu.

Mume wangu kwa mwezi wa kwanza alilalamika kila siku. Mwezi wa pili alilalamika Jumapili tu. Siku hizi akila hotelini anarudi akinung'unika kwamba wamemlisha mafuta.

Mwenyekiti, naona sufuria zimeingia, kwa hiyo nimalizie kwa kazi. Chupa hii nimeshaiandika tarehe ya leo. Ninamkabidhi mweka hazina akaitumie kwake, na kila mmoja wenu akifika nyumbani aandike tarehe kwenye chupa au dumu lake. Mkutano wa mwezi ujao kila mtu aje na namba yake: siku ngapi, walaji wangapi. Hatutasomeana majina. Tutaziandika ubaoni tu, tuone.

Na sufuria zenyewe: ziko mbili, maharage yale yale, kilo moja kila moja, yamechemshwa pamoja asubuhi. Moja imeungwa kwa pawa tatu za mkamwana wangu, zenye kilima. Nyingine kwa vijiko vyangu vinane. Alizigusa yeye na mimi tu, na tumekubaliana hatusemi. Kila mtu apakue upawa mmoja kutoka kila sufuria, ale kwanza, kisha atuambie ipi ni ipi. Shemeji wa mlangoni, wewe ndiye utakayeanza.